Kura ya Tatu: Mhadhara kwa Mafundi wa Seva, Lubumbashi

Wandugu mafundi, seva mbili hazitoshi. Najua bajeti nyingi za hapa huishia hapo, lakini kundi la Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva), likiwa na seva mbili lina kura mbili, na uamuzi unataka zaidi ya nusu. Moja ikizimika, inayobaki hugeuza saraka ya /etc/pve, yenye mipangilio ya kundi, kuwa ya kusomwa tu: mashine pepe hamuwashi, mipangilio hamgusi. Kama seva hiyo inabeba mashine zilizo chini ya HA (mfumo wa kuwasha mashine kwenye seva nyingine yake ikianguka), baada ya sekunde 60 hivi itajizima na kuanza upya. Seva ya pili imenunuliwa ili kazi isisimame, sasa zote zimesimama!

Ukali huo una sababu. Seva isiyomsikia mwenzake haijui kama amekufa au kebo imechomoka tu. Zote mbili zikiwasha mashine ileile juu ya diski moja ya pamoja, data inaharibika.

Dawa ni QDevice, yaani kompyuta ya nje inayotoa kura ya tatu. Kompyuta ndogo yenye mfumo wa Debian inatosha. Humo wekeni programu ya corosync-qnetd, kwenye seva zote mbili corosync-qdevice, na mlango wa TCP 5403 uwe wazi. Kisha, kwenye seva moja, andikeni pvecm qdevice setup na anwani ya IP ya kompyuta hiyo. Amri huingia kwenye kompyuta hiyo kwa SSH (njia ya kuingia kwa mbali) kama root, msimamizi mkuu, na wengi hukwama hapo. Amri ya pvecm status ionyeshe kura 3. Penye seva tatu msiongeze QDevice: itapewa kura 2, na siku ikianguka hamwezi kupoteza seva hata moja.

Corosync, programu inayounganisha seva za kundi na kuhesabu kura, inataka ucheleweshaji wa mtandao chini ya milisekunde 5, kwa hiyo seva zikae pamoja. QDevice ni mvumilivu zaidi: seva zikiwa katikati ya mji, yenyewe ikae hata Kampemba, kwa umeme na swichi yake. Kuiweka ndani ya mashine pepe ya kundi lilelile ni kujidanganya.

Seva zikijiwasha upya usiku saa za bekapu, tazameni mtandao kabla ya kulaumu umeme. Bekapu imejaza waya, Corosync imekosa nafasi. Ipeni kadi yake ya mtandao.

Mkijaribu, chomoeni kebo. Kuzima kwa utaratibu hakupimi kitu. Ngojeni dakika 2 hivi mashine ziwake kwenye seva ya pili. Anayetumia urudufishaji wa ZFS (kunakili diski za mashine kwenda seva ya pili kwa ratiba) ajue kwamba ratiba ya kawaida ni dakika 15, na kilichoandikwa baada ya nakala ya mwisho kitapotea.

Amri ya pvecm expected 1, inayoiambia seva iliyobaki kwamba kura moja yatosha, ipo kwa dharura. Chomoeni kwanza waya wa umeme wa seva ya pili, kwa mkono, ndipo muiandike.