Flashi na wachupaji wa Forodhani

Assalamu alaikum, karibuni tena. Nipo Forodhani, Mji Mkongwe. Maji yamejaa na vijana wanachupa ukutani. Maji yakikupwa hapa hakuna picha, kwa hiyo angalia kwanza saa za kujaa na kupwa, kisha waombe ruhusa wenyewe. Hawa nimeshazungumza nao. Mimi nimekulia kwenye ukuta huu huu, na nikimwona mtoto anapinduka hewani, roho yangu inachupa naye.

Haya, kamera iko manyueli, kila kitu naweka mwenyewe: ISO 400, ndiyo wepesi wa kamera kupokea mwanga; f/5.6, ndiyo tundu la lenzi, namba ikikua tundu linabana; shata 1/200 ya sekunde, ndiyo muda pazia la kamera linaokaa wazi. Ni za sasa hivi tu, jua limezama na mawingu bado mekundu. Flashi haikai juu ya kamera. Ameishika mdogo wangu pale kulia, mita tatu kutoka wanapopita, kaivisha kofia ya nailoni ya kuogea kwa sababu ya rasharasha za maji chumvi. Nguvu ya flashi, 1/16 ya nguvu yake kamili.

Mbona ndogo hivyo? Hapo ndipo penyewe. Giza likianza kuingia, anayemgandisha mchupaji ni flashi, shata haina kazi hiyo. Na hizi flashi ndogo ukizipunguzia nguvu, zinawaka kwa muda mfupi zaidi. Kwenye 1/16 mwanga unakuja na kuondoka kwa muda usiofika hata 1/2000 ya sekunde. Tone la maji linabaki hewani kama ushanga. Weka nguvu kamili, mwanga unakawia, na vidole vya miguu vinavutika.

Sasa nisikilizeni vizuri: shata isizidi 1/200. Moyo utakwambia huyu anakwenda mbio, pandisha 1/500. Usipandishe! Triga, vile vidude vya kuwasha flashi bila waya, za bei nafuu hazizungumzi na kamera, kwa hiyo kamera haitakuzuia. Mwaka wangu wa kwanza nilipiga jioni nzima kwa 1/500. Nafika nyumbani, kila picha nusu yake nyeusi ti. Pazia la kamera lilishaanza kufunga flashi ilipowaka. Kulikuwa na kijana kapinduka mara mbili, sijamwona mwengine akifanya vile tena, na nilichobaki nacho ni kichwa na bega. Lile gurudumu la shata linaguswa na kidole gumba bila wewe kujua. Litazame. Baada ya picha tatu, litazame tena.

Fokasi: mlenge aliyesimama ukingoni, halafu zima otomatiki kwenye lenzi.

Anakuja huyo… haijawaka. Subirini. Mdogo wangu, triga yako iko chaneli ngapi? Tatu? Mimi nipo moja. Weka moja. Jaribu. Sawa. Na shata? 1/200, vyema.

Bonyeza akiwa juu kabisa, pale anapotulia kidogo kabla ya kushuka. Wengine wanapiga mfululizo. Mimi napenda moja tu, kwa kusikiliza. Mguu ukigonga ukuta, nahesabu "moja", nabonyeza. Sikilizeni… pa! moja… hiyo!

Nawasogezea kioo muone. Uso umekaa, matone yamekaa, lakini mgongoni kuna ukungu mweusi. Hicho ni kivuli chake: mwanga wa mbingu bado una nguvu, unamchora wakati anasogea. Na hapa ndipo mkono unapowasha kupandisha shata. Hapana, hapana! Ama usubiri dakika tano, ama upeleke f/8 na flashi uipandishe 1/8. Mimi nasubiri, ile zambarau inayokuja sasa siiachi.

…Haya. Shata 1/200, nimetazama. Mwanangu, chupa! Pa! moja…

Oneni. Mikono wazi, maji yanamtoka nyweleni, nyuma yake mashua na mbingu ya zambarau. Mwenyewe huyo kaja mbio na maji yake kuitazama. Usinidondoshee kwenye kamera, baba.

Kabla hujafunga mkoba, futa kila kitu kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi, yasiyo ya chumvi, halafu kikavu, hasa pale flashi inapochomekwa. Chumvi ikilala hapo usiku mmoja, kesho huenda isiwake.