Saa ya Kwanza Baada ya Ajali: Kamera na Kazi ya Nje

Ndugu mwenyekiti, wapiga picha wenzangu, mabibi na mabwana,

Nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Mimi ni fundi wa kamera, kwa hiyo kamera ninazozifahamu zaidi ni zile zilizokwisha kupatwa na jambo: iliyodondoka kwenye ngalawa, iliyolowa katika harusi ya bustanini wakati wa masika, iliyorudi kutoka Serengeti huku pete ya zumu, ile inayovuta picha karibu, ikisaga vumbi. Nikizitazama zote pamoja, naona kwamba ajali yenyewe mara nyingi huiacha kamera ikiwa bado inaweza kuokolewa. Kinachoimaliza ni yale yanayotendwa katika saa ya kwanza, tena yanatendwa na mwenyewe, kwa nia njema kabisa, kwa sababu ameingiwa na hofu na anataka kujua upesi kama chombo chake cha kazi kingali hai.

Nianze na bahari, kwa kuwa wengi wenu hapa ndiko mnakopata riziki, na kwa kuwa hakuna kinachoharibu kamera upesi kuliko maji ya chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na maji hayo hupitisha umeme vizuri mno kuliko maji ya bomba. Kamera ikipigwa na wimbi huku betri imo ndani, maji yanayopenya huunganisha njia za umeme ambazo hazikukusudiwa kukutana, na mkondo unaopita humo huila shaba ya bodi ya saketi katika muda wa dakika tu. Sasa fikirieni mtu anayeiokota kamera yake kutoka majini na jambo la kwanza analolifanya ni kubonyeza swichi aone kama itawaka. Ikiwaka anashangilia, anaendelea kupiga picha, na kila dakika inayopita umeme unazidi kula. Ikikataa kuwaka anajaribu tena na tena, akitoa betri, akiipangusa, akiirudisha. Ndugu zangu, betri ikishatoka isirudi. Hilo ndilo ningeomba mlikumbuke hata kama mengine yote yatawatoka.

Niwaeleze ninachokikuta ninapoifungua kamera ya namna hiyo iliyoletwa baada ya siku kadhaa. Skrubu za chini hazitaki kuzunguka, na kichwa cha skrubu humomonyoka chini ya bisibisi. Bamba likishatoka, naona unga wa kijani na mweupe umejikusanya kuzunguka vyuma vinavyogusana na betri. Utepe mwembamba unaopeleka mawasiliano kwenye kioo cha nyuma umeota madoa meusi pale ulipochomekwa, na ukiugusa kwa kibano unaachia. Mara nyingi, katika tundu la kebo, nakuta vumbi la wanga au punje ya mchele.

Huo mchele unatutesa sana mafundi. Sijui nani aliueneza ushauri wa kuizika kamera ndani ya mchele, lakini umeenea kuanzia Mombasa hadi Mtwara. Mchele hauvuti maji yaliyojificha chini ya bodi ya saketi, na hata kama ungeyavuta, chumvi ingebaki palepale. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani haina upungufu wa unyevu, kwa hiyo kamera inayoonekana kavu mchana inaendelea kuliwa usiku. Ubaya mkubwa wa mchele ni muda unaopotea, kwa maana mwenye kamera hukaa siku tatu au nne akiamini kwamba dawa inafanya kazi, na katika siku hizo ndimo kutu inapojijenga.

Kinachofaa ni kuizima, kutoa betri, kutoa kadi, kisha kuifuta kwa nje kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo kwa maji yasiyo na chumvi, halafu kuipeleka kwa fundi siku hiyohiyo na kumweleza bila kuficha kwamba ni maji ya bahari. Nasisitiza bila kuficha, kwa sababu fundi anayeambiwa kwamba kamera "ilizima tu" ataanza kutafuta mahali pengine. Kamera iliyozama kabisa baharini sitawapa matumaini ya uongo, kwani nyingi haziponi. Ila iliyorushiwa maji, au iliyopigwa na wimbi moja ikatolewa betri papo hapo, nimeziona zikirudi kazini na kudumu.

Yapo maji mengine yasiyotisha, nayo hunipa kazi nyingi kupita mvua. Tuseme mpiga picha wa harusi mjini Dar es Salaam amempiga bibi harusi picha za maandalizi katika chumba cha hoteli chenye kiyoyozi, ambako kamera imepoa hadi nyuzi 20. Anatoka nayo bustanini, ambako joto ni nyuzi 30 na unyevu asilimia 80. Katika hewa ya namna hiyo, kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 26 hivi huvaa umande. Lenzi inajaa ukungu papo hapo, ndani na nje. Anaifuta, unarudi, na wageni wanasubiri. Hapo ndipo anapofanya kosa lenyewe, yaani kuifungua lenzi ili afute kwa ndani, na hewa ile nzito inaingia na kutua moja kwa moja juu ya sensa, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea picha. Angeifunga kamera ndani ya begi lake na kuliacha begi hilo lipate joto nje kwa nusu saa au zaidi kabla ya kulifungua, umande ungetua juu ya begi na kamera ingebaki kavu. Hii ina maana ya kumtuma msaidizi atangulize begi bustanini wakati bibi harusi bado anavishwa, na kufanya kazi ya ndani kwa kamera nyingine ikiwa ipo.

Mlimani mambo ni hayohayo kwa kugeuzwa. Wanaopanda Kilimanjaro huanza safari ya mwisho usiku wa manane ili wafike kilele cha Uhuru, mita 5,895, alfajiri, wakati baridi iko chini kabisa ya sifuri. Katika baridi hiyo betri za lithiamu hupungukiwa nguvu, na kamera husema betri imekwisha ilhali chaji bado imo. Waongozaji wenye uzoefu huvaa betri za akiba karibu na mwili, chini ya koti, na betri iliyosemekana imekufa hufufuka ikishapata joto. Msiipulizie lenzi kwa mdomo huko juu, kwa maana pumzi inageuka barafu juu ya kioo. Herbert Ponting, mpiga picha wa msafara wa Robert Falcon Scott ulioondoka kwenda Antaktika mwaka 1910, alisimulia jinsi ncha ya ulimi wake ilivyogusa chuma cha kamera ikanasa palepale kwa baridi. Kilimanjaro haifiki ukali ule, lakini umande unaosubiri kamera inaposhuka kwenye kibanda chenye joto ni uleule, na begi lililofungwa ndiyo kinga ileile.

Kuhusu vumbi, nitakaa kidogo kusini mwa Serengeti, kwenye nyanda za nyasi fupi karibu na Ndutu, ambako nyumbu huzaa mwanzoni mwa mwaka na ambako wapiga picha hujazana. Udongo wa nyanda zile umejengwa na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro pamoja na Ol Doinyo Lengai, mlima ambao ulilipuka tena mwaka 2007. Kwa hiyo vumbi lake ni laini mno na lina chembe ngumu ndani yake. Lenzi ya zumu inaporefushwa huvuta hewa, na hewa hiyo huja na vumbi. Kubadilisha lenzi katikati ya safari ndiyo hatari kubwa zaidi: gari lisimame, vioo vipandishwe, vumbi litulie, na mwili wa kamera uelekezwe chini wakati umeachwa wazi. Kisha jioni kambini, kabla kitambaa hakijagusa kioo, vumbi liondolewe kwanza kwa kipulizio cha raba na brashi laini. Anayeanza kwa kulisugua kwa pindo la fulana anakipiga kioo msasa, na mikwaruzo hiyo mimi siwezi kuifuta.

Kamera kwa asili haikutengenezwa kwa ajili ya mazingira kama hayo, na aliyelitambua hilo mapema ni mtu aliyefanya kazi huku kwetu. Carl Akeley, Mmarekani aliyekausha na kujaza ngozi za wanyama kwa ajili ya makumbusho, alijaribu kuwapiga filamu wawindaji wa Kinandi huko Kenya, karibu mwaka 1910, walipokuwa wakimkabili simba kwa mikuki. Mitambo aliyokuwa nayo ilikuwa mizito na ya polepole mno, na tukio likampita. Akarudi kwao akabuni kamera ya filamu ya mviringo iliyoweza kugeuzwa na kufuata mnyama kwa mkono mmoja, ikaja kutumika hata vitani na jeshi la Marekani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Akeley alifariki mwaka 1926 katika miteremko ya mlima Mikeno, Kongo, akiwa kazini. Namheshimu sana kwa sababu aliichukulia shida ya porini kuwa shida ya chombo, akakitengeneza upya chombo chenyewe.

Barabara nitaipitia haraka. Mitikisiko ya barabara ya vumbi yenye mawimbi hulegeza skrubu ndogo za ndani ya lenzi, na bodaboda hufanya hivyohivyo mjini. Kamera ikae mapajani au kifuani, kamwe isiwe sakafuni mwa gari wala kwenye keria ya pikipiki.

Mvua nayo ina jambo moja linalowapotosha watu, nalo ni neno la dukani kwamba kamera fulani "haiingii maji". Raba zilizozungushiwa viungo vya kamera huzuia matone kwa muda, nazo huchakaa. Hata kipimo cha IPX7 ambacho baadhi ya vifaa huandikiwa kina maana ya kuzamishwa katika mita 1 ya maji yasiyo na chumvi kwa dakika 30, na kamera nyingi za kubadilisha lenzi hazina kipimo chochote. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, wengi wamekosa kile kifuniko cha dharura walichokizoea. Kofia ya kuogea inayowekwa katika vyumba vya hoteli inatosha kabisa, na inakunjika mfukoni.

Jua pia huumiza. Mwezi wa Novemba 1969, mwanaanga Alan Bean wa Apollo 12, alipokuwa akiihamisha kamera ya televisheni juu ya uso wa mwezi, aliielekeza kwenye jua bila kukusudia, na mrija wake wa kunasa picha ukaungua. Dunia ikakosa picha za moja kwa moja za matembezi yale. Kamera za siku hizi zisizo na kioo cha ndani huacha sensa yake wazi nyuma ya lenzi, nyingi hata zikiwa zimezimwa, kwa hiyo lenzi ndefu iliyoachwa bila kifuniko kwenye kiti cha gari, ikitazama jua la saa tisa, inaweza kuiunguza sensa bila mtu kujua.

Baada ya kuyasikia haya yote, mtu anaweza kuamua kuifungia kamera yake kabatini. Namsihi asifanye hivyo. Lenzi mbaya kuliko zote ninazoletewa ni zile zilizotunzwa: ziko ndani ya begi la ngozi, gizani, katika nyumba ya pwani, miezi mingi bila kuguswa. Fangasi wanapenda giza na unyevu unaozidi asilimia 60 au 70, wanatandaza nyuzi zao kati ya vioo, na asidi wanayotoa hula tabaka la juu la kioo. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu na kukaushwa mara kwa mara, na kipimo kidogo cha unyevu kinachosoma kati ya asilimia 40 na 50, ndiyo kabati bora kuliko yote. Vijana wa ufukweni, ambao kila mmoja anaishi kwa kamera moja tu, wanaweza kuchangia ndoo moja kwa kikundi. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na lenzi moja.

Nimalizie na picha zenyewe. Meli ya Endurance iliposagwa na barafu ya Antaktika mwaka 1915, mpiga picha Frank Hurley alivua nguo akazama katika maji ya barafu ndani ya meli ile kutafuta masanduku ya bati yenye negativu zake, yaani vioo vilivyobeba picha. Kisha yeye na Ernest Shackleton, kiongozi wa msafara ule, wakakaa juu ya barafu wakachagua takriban vioo 120, na vingine kama 400 wakavivunja, kwa kuwa visingebebeka. Kamera kubwa aliziacha. Akabaki na Kodak ndogo ya mfukoni. Kwa hiyo, kamera yenu ikizama na picha za mteja zimo ndani, kumbukeni kwamba kadi inaweza kupona hata kama kamera haitapona. Itoeni, isuuzeni kwa maji yasiyo na chumvi, ikaushwe kivulini siku nzima, wala msiichomeke kwenye kompyuta ikiwa na unyevu. Mpigieni mteja simu kabla hamjamtafuta fundi, mumweleze hali ilivyo. Sasa nitapokea maswali.