Mzee Mwinyi, kuanzia barua ya 1977

Ndugu zangu, walimu na wanafunzi, mmeniomba nizungumzie maisha ya kiongozi mwanamageuzi. Nimemchagua Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wa pili wa Tanzania, na sitaanzia Ikulu. Nitaanzia Januari 1977, alipoacha uwaziri wa mambo ya ndani.

Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliendesha msako wa watu waliodaiwa kuhusika na mauaji ya imani za kishirikina. Waliokamatwa waliteswa, na baadhi wakafia mahabusu. Mwinyi hakuagiza mateso yale wala hakuyashuhudia. Lakini polisi walikuwa chini ya wizara yake, naye akaandika barua ya kujiuzulu. Hakumtupia lawama askari wa ngazi ya chini, wala hakungoja afukuzwe.

Nakaa hapa kwa makusudi. Wengi humkumbuka kwa jina la Mzee Ruksa, kama kwamba sifa yake yote ni kufungua maduka. Mimi naamini alichofanya baadaye kilitokana na tabia hii iliyoonekana mapema: alijua kwamba cheo ni dhamana, na dhamana hurudishwa.

Alizaliwa Kivure, Mkuranga, tarehe 8 Mei 1925, akakulia na kusoma Unguja, akawa mwalimu. Baada ya kujiuzulu alipelekwa Misri kuwa balozi, kisha akarejeshwa kwenye uwaziri. Januari 1984 Rais wa Zanzibar, Aboud Jumbe, alipong'atuka katikati ya mvutano mkali kuhusu Muungano, Mwinyi ndiye aliyekabidhiwa Zanzibar. Katika kipindi chake kifupi pale, Zanzibar ilipata Katiba ya 1984 yenye sura ya haki za binadamu, na biashara ikaanza kulegezwa.

Sasa twende Novemba 1985, alipokuwa Rais wa Tanzania. Wazee mliomo humu hamhitaji kusimuliwa: foleni za sukari, sabuni ya kugawiwa, watu kuitwa walanguzi kwa kukutwa na madumu ya mafuta. Vita vya Kagera vilikuwa vimekomba hazina, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, mashirika ya umma yalikuwa yakila hasara. Tuseme pia ukweli ambao mashabiki wa Mwinyi huusahau: mlango ulianza kufunguliwa kabla yake, bajeti ya 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Yeye aliufungua wote. Mwaka 1986 serikali yake ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, shirika ambalo mtangulizi wake, Mwalimu Nyerere, alikuwa amevutana nalo kwa miaka.

Hebu fikirini uzito wake. Mwalimu alikuwa bado Mwenyekiti wa CCM, na alibaki hivyo hadi 1990. Rais mpya alikuwa akibadili sera za mtu aliyemlea kisiasa, mtu aliyekuwa bado kiongozi wake ndani ya chama chenye kushika hatamu. Alifanya hivyo bila kumvunjia heshima hadharani na bila kuwageuza wafuasi wa Mwalimu kuwa maadui. Kwangu mimi, huo ndio ustadi wake mkubwa wa kisiasa, na sijaona ukisifiwa inavyostahili.

Gharama nayo ilikuwepo. Dola moja ilikuwa chini ya shilingi 20 alipoingia. Alipotoka ilipita 500. Mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi haukuweza kukimbizana na kasi hiyo. Wagonjwa wakaanza kuchangia matibabu. Kisha likaja Azimio la Zanzibar la Februari 1991, lililoondoa miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha, lile la ujamaa la 1967: kiongozi akaruhusiwa kumiliki hisa, kupangisha nyumba, kupokea zaidi ya mshahara mmoja. Hapo simtetei. Kulegeza masharti kwa mkulima na mfanyabiashara ni jambo moja. Kumlegezea mwenye mamlaka, pasipo chombo imara cha kumkagua, ni jambo jingine kabisa. Rushwa ilikua, kodi hazikukusanywa, na mwaka 1994 wafadhili walisimamisha misaada kwa sababu ya misamaha ya kodi iliyotolewa holela. Wanaodai kwamba hayo yote ni uzushi wa maadui zake hawamtendei haki hata yeye mwenyewe.

Nije kwenye vyama vingi. Mwaka 1991 aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili wananchi waulizwe: chama kimoja au vingi? Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Mtawala anayependa kiti angefunga mjadala papo hapo, tena kwa jina la wananchi. Tume ikapendekeza vyama vingi, ikijali haki ya wale wachache, na Mwalimu mwenyewe alikuwa amekwisha kusema kwamba mjadala huo si dhambi. Mwinyi akakubali, chama kikakubali, na tarehe 1 Julai 1992 mfumo ukabadilika kisheria. Mwaka 1995 vipindi vyake viwili vikaisha, akamkabidhi Benjamin Mkapa nchi na kurudi kuwa raia, hadi alipofariki tarehe 29 Februari 2024 na kuzikwa Mangapwani.

Lakini ripoti ya Nyalali haikuishia kwenye vyama. Iliorodhesha sheria 40 kandamizi zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa, ikiwemo ya kuweka watu kizuizini. Serikali ilichukua pendekezo la vyama upesi. Orodha ile ikaenda kwa mwendo wa kinyonga, na baadhi ya sheria hizo zilimsubiri kila rais aliyefuata. Waziri aliyejiuzulu kwa ajili ya watu waliofia mahabusu alikuwa na kila sababu ya kuanza na orodha hiyo. Hapo ndipo ningependa mnihoji, hasa ninyi wanafunzi wa sheria: kwa nini hakuanza nayo?