Injini Yako Inavuta Hewa Gani Hapa Nakuru?

MWALIMU: Fundi, msikilizaji wetu wa Njoro anauliza: akiliondoa kasha la chujio la hewa lililokuja na gari, kisha afunge lile chujio la wazi lenye umbo la pia, je, gari lake litaupanda mlima wa Salgaa kwa wepesi zaidi?

FUNDI: Litanguruma zaidi, hilo namhakikishia. Kuhusu wepesi, Mwalimu, tuanze na hesabu zako, maana wengi wanaofika gereji huamini kwamba nguvu hutoka kwenye petroli peke yake.

MWALIMU: Petroli haiwaki bila oksijeni. Kila gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote, na hewa ni nyepesi mno, kiasi kwamba injini ya lita 1.5 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, dereva akiwa amekanyaga mafuta hadi chini, huvuta karibu lita 2,000 za hewa kila dakika. Sasa kumbuka kwamba Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyembamba kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Ukifika Timboroa, upungufu huo unakaribia robo.

FUNDI: Ndiyo maana gari lisilo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi (na simaanishi ule mji ulio mbele ya Eldoret), huchoka huko juu hata likiwa zima kabisa. Basi katika uhaba huo, lile chujio la wazi huketi ndani ya boneti na kuvuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na rejeta pamoja na injini yenyewe.

MWALIMU: Hewa ikitoka nyuzi 20 hadi nyuzi 50, uzito wake kwa kila lita hupungua kwa karibu asilimia 9.

FUNDI: Umelipia sauti, ukapoteza nguvu. Waliounda gari waliweka bomba la plastiki linaloanzia mbele, karibu na taa, ili injini ivute hewa baridi ya nje, na bomba hilo ndilo hupotea gari linapogongwa mbele na kutengenezwa kwa haraka.

MWALIMU: Kama langu.

FUNDI: Kama lako. Ulikuja ukilalamikia plagi, nami nikakuta bomba halipo na kasha linavuta hewa ya moto.

MWALIMU: Nilinunua bomba kuukuu kwa wauzaji wa spea, na nisiseme uongo, gari halikupaa. Hata hivyo, mchana wa jua kali nikielekea Mau Summit, sikulazimika kurudi gia ya pili pale nilipozoea kurudi. Lakini hujagusia vumbi, Fundi, ilhali jina Nakuru lenyewe husemekana limetoka kwa Wamaasai, likiwa na maana ya mahali pa vumbi.

FUNDI: Vumbi lina chembe ngumu ambazo hukwaruza kuta za silinda na ringi za pistoni, na injini iliyokwaruzwa haiponi kwa chujio jipya. Kwa hiyo natazama pia mpira unaotoka kwenye kasha kwenda kwenye injini, kwa sababu ukipasuka, vumbi hupita bila kuchujwa. Nirekebishe jambo moja nililowahi kuwaambia wateja: chujio chafu halili petroli sana katika gari la kisasa, kwa kuwa kompyuta yake hupima hewa na kupunguza mafuta kulingana nayo, kinachopotea ni mbio. Pikapu ya zamani yenye kabureta, yaani kichanganyio cha petroli na hewa kisicho na kompyuta, ndiyo hutoa moshi mweusi.

MWALIMU: Kulipuliza kwa kompresa je?

FUNDI: Kwa upepo wa polepole, kutoka ndani kwenda nje, na kwa muda tu, kwa kuwa karatasi ikitoboka hutaliona tundu. Yale machujio yanayopakwa mafuta nayo, yakizidishiwa, huchafua sensa ya hewa.

MWALIMU: Na yale mabomba marefu tunayoyaona kwenye magari ya Safari Rally kule Naivasha?

FUNDI: Hayo huinua mdomo wa kuvutia hewa ili ukwepe maji na vumbi zito la magari mengine. Anayepita Ahero wakati wa mafuriko anayahitaji kuliko sisi, maana maji hayagandamiziki, na yakiingia kwenye silinda hupinda konrodi, yaani mkono wa chuma unaoshika pistoni.

MWALIMU: Basi huyu wa Njoro tumwambie nini?

FUNDI: Alirudishe kasha, anunue chujio la karatasi linalokaa sawasawa, akague bomba na mpira. Pesa itakayobaki anunue plagi.