Soma unyoya kabla ya kulaumu mbegu

Mama zangu na baba zangu wafugaji, hili nimelisema Kadutu, nimelisema Bagira, mitaa yetu ya Bukavu, na leo nalirudia: jogoo akipoteza weusi wa kifua, msikimbilie kusema mbegu imeharibika au jirani ameroga. Ulizeni kwanza habari za tezi ya shingo, ile inayoitwa thairoidi.

Kuku naye anayo: vipande viwili, chini kabisa ya shingo, mlangoni mwa kifua. Homoni yake hutengenezwa kwa iodini. Watafiti walipowatoa kuku tezi hiyo, manyoya yaliyoota baadaye yalikuwa marefu, membamba, nyuzi zimeachana kama kitambaa kilichofumuka. Weusi ukapungua, wekundu ukajitokeza. Na mwaka 1922, kule Marekani, Torrey na Horning waliwalisha majogoo tezi iliyokaushwa. Wakaota manyoya yenye ncha za mviringo, ya tetea! Jogoo mzima, korodani zake zipo, manyoya ya jike. Mbegu haikubadilika hata kidogo. Homoni iliukuta unyoya ukiota.

Ukiota! Hapo ndipo hamnisikii. Unyoya uliokomaa umekufa, damu haipiti tena ndani yake, na dawa yoyote haitaurudishia rangi. Ng'oa mmoja, ngoja uote mwingine: huo ndio utakaokuambia hali ya sasa.

Kuna anayenung'unika, «Dokta, hayo ni ya maabara, sisi tuko Bukavu.» Bukavu ndiyo hasa! Hapo kisiwani Idjwi, ziwani kwetu Kivu, watafiti walichunguza rovu la watu, yaani uvimbe wa tezi hiyo, miaka ya 1960 na 1970, wakakuta iodini ni haba na muhogo unazidisha tatizo. Sumu ya muhogo mwili huigeuza kuwa kemikali iitwayo thayosianeti, nayo huizuia tezi kuvuta iodini. Sombe yenu, majani ya muhogo, mnaitwanga, mnaipika mpaka iive. Kuku mnamtupia maganda mabichi! Kwa nini? Lowekeni, anikeni. Soya nayo ikaangwe kwanza.

«Basi nitie chumvi ya iodini kwenye maji yake?» Hapana, hapana! Chumvi ikizidi inaua, na vifaranga ndio wa kwanza. Iodini impitie kwenye madini yaliyopimwa, ndani ya chakula.

Muda unanibana. Kuku anayenyonyoka kwa msimu na kuacha kutaga si mgonjwa: homoni ya tezi inashiriki kuyasukuma manyoya mapya, kwa hiyo msimchinje. Kuku wa shingo wazi, asiye na manyoya shingoni, amezaliwa hivyo. Chawa na upungufu wa protini pia huharibu manyoya, mvikague kabla ya kuja kwangu. Nani ana swali?