Saini mbili kwenye noti

Ndugu zangu, mwenye noti mfukoni aitoe. Yoyote. Tazama saini mbili zilizopo: ya Waziri wa Fedha na ya Gavana wa Benki Kuu. Muuza nyanya wa Kariakoo hajawahi kukaa na hao wawili hata siku moja, lakini anakabidhi tenga zima la nyanya na kuondoka na karatasi hiyo. Jambo hilo lina jina, na mabenki yetu yanalitumia mpaka leo kwa fedha tunazoweka: amana. Amana si mali yako. Umeachiwa tu, na mwenyewe atarudi kuidai.

Nimelisema hili mara nyingi, na kila mara kijana mmoja hunijibu: mzee, maadili ni ya msikitini na kanisani, uchumi unataka takwimu. Haya. Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuongoza sera ya fedha kwa riba yake, ikianzia asilimia 5.5. Takwimu ndizo zilizoifikisha hapo, sikatai. Lakini riba hiyo inafanya kazi pale tu watu wanapoamini kwamba walioipanga hawakumwonea mtu aibu. Wasipoamini, mwenye duka anapandisha bei mapema ajihami, jirani yake naye hivyo hivyo, na bei zinapanda kweli. Hapo takwimu zako zitamshika nani mkono?

Sasa EPA, ile akaunti ya madeni ya nje iliyokuwa Benki Kuu. Najua mmeisikia, na wengine mlikuwa shule ya msingi. Nairudia kwa sababu hatujaielewa.

Nchi ilipokaukiwa fedha za kigeni, mwagizaji wa bidhaa alilipa shilingi zake NBC, Benki ya Taifa ya Biashara, na muuzaji wa nje akabaki kusubiri dola. Mwaka 1985 akaunti ya madeni hayo ikahamishiwa Benki Kuu. Mengine yakakaa miaka na miaka. Sasa, sheria inamruhusu mdai kumhamishia mtu mwingine deni lake kwa hati. Mwaka 2005 yakaja makampuni na hati mkononi, na makampuni 22 yakalipwa shilingi bilioni 133. Wakaguzi walipochambua wakakuta 13 kati yake yamelipwa kama bilioni 90 kwa nyaraka za kughushi na udanganyifu. 9 yaliyobaki hayakuwa hata na nyaraka za kutosha kuonyesha kama malipo ni halali. Januari 2008 Rais Kikwete akatengua uteuzi wa gavana.

Watu wengi huishia hapo, kwa gavana. Mimi naomba tulifuate faili. Malipo ya namna hiyo hayatoki kwa mkono mmoja. Yupo anayepokea barua, yupo anayelinganisha deni na kumbukumbu, anayeandaa malipo, anayeidhinisha. Meza moja tu ikisema "hii siipitishi", faili linasimama. Tulihitaji meza moja!

Mtaniambia: basi hawakuwa na maadili ya pamoja. Hapana, na hapa naomba mnisikilize. Kulindana nako ni maadili ya pamoja. "Usimwaibishe mkubwa." "Huyu ni mwenzetu." "Maagizo yametoka juu." Hayo tunarithishana maofisini kwa bidii kuliko kanuni zote zilizobandikwa ukutani, na aliyeajiriwa juzi anayajua kabla hajaonyeshwa kiti chake. Kwa hiyo mkurugenzi akinijia na sifa za mshikamano wa watu wake, mimi humuuliza: wanashikamana kumlinda nani? Mwenye kiti, au yule muuza nyanya?

Wengine hunikumbusha kwamba fedha nyingine zilirudishwa. Kweli, rais aliwapa muda wakarudisha. Lakini mlinzi wa amana hasifiwi kwa sababu mwizi amerudisha nusu.

Mfano wa upande wa pili ni wa 1979. Edwin Mtei, gavana wetu wa kwanza tangu 1966, wakati huo Waziri wa Fedha, alikuwa tayari kupokea masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, likiwemo la kushusha thamani ya shilingi. Mwalimu Nyerere akakataa. Mtei akajiuzulu. Shilingi ilikuja kushushwa kwa kishindo 1986, enzi za Mzee Mwinyi. Nani alikuwa sahihi, hilo tubishane siku nyingine. Mwalimu alihofia mzigo utakaowaangukia wanyonge. Mtei aliona hazina inakauka. Walikuwa wakigombania usalama wa watu wale wale, na aliyeshindwa hakubaki ofisini kusaini asichokiamini.

Kenya, kwa haraka, maana mwenyekiti ananitazama. Patrick Njoroge alipoingia ugavana 2015 aliikataa nyumba ya kifahari ya gavana. Watu wakashangilia, na mimi nikafurahi. Lakini gavana anakuja na kuondoka, naye aliondoka 2023. Karani yupo miaka thelathini. Huyo ndiye ninayemtaka.

Nilitaka pia kuwapeleka Kinshasa, Januari 1993, askari walipolipwa mishahara kwa noti ya milioni 5 za zaire, fedha ya nchi ile wakati huo, wafanyabiashara wakaikataa, na askari wakaingia mitaani kupora. Noti ilikuwa na saini zake. Hilo na la bodi za wakurugenzi nayaacha, muda umekwisha.

Dada pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja EPA. Mpeni kipaza sauti.