Kidani Kina Mgongo

Asanteni. Mliosimama kule nyuma, viti viko hapa mbele, sing'ati.

Mwenyekiti amenitambulisha kuwa "fundi wa mapambo". Nimezoea. Mapambo ni ya keki. Mimi nashughulika na kitu ambacho mtu anakivaa mwilini, anatoka nacho nje, na akiulizwa "hii nayo ni nini?" inambidi ajibu. Mchoro ukitundikwa ukutani, aliyeuchora yuko kwake amelala. Kidani kina mtu chini yake, na huyo ndiye anayeulizwa, tena ndani ya matatu, tena na abiria asiyemjua.

Wanafunzi wangu wameshaichoka hadithi ya ufunguo. Wavumilie.

Ya 2007 na 2008, zile ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, mnayajua, sitayarudia. Alinijia mama mmoja kutoka Bonde la Ufa na ufunguo wa nyumba. Siku waliyokimbia alifunga mlango, kama mtu anayekwenda dukani. Usiku uleule nyumba ikachomwa. Ufunguo akakaa nao kifuani, ndani ya nguo, miezi yote ya kambini. Akaniambia, "Nitengenezee kitu, nimechoka kuuficha." Nami kwa ujinga wangu wa wakati ule nikaulehemu juu ya kibati cha shaba, nikauzungushia ushanga mwekundu, nikijiambia nyekundu ni damu, watu wataelewa. Kikapendeza. Nikajipongeza, hata picha nikapiga.

Wiki mbili hazikuisha, akakirudisha. Anauza nyanya sokoni, na mwenye kibanda cha pili ni mtu wa upande ule mwingine, mnanielewa. Wanaazimana chenji kila siku. Kila akiinama kupanga mafungu, kidani kinaning'inia katikati yao wawili. "Mwalimu," akaniambia, "umenivisha kesi."

Sikulala vizuri siku hiyo. Nikang'oa ushanga wote. Ufunguo nikauhamishia mgongoni mwa kidani, upande unaogusa ngozi, na mbele nikaacha shaba tupu niliyoipiga msasa mpaka ikatulia. Akitaka anakigeuza, asipotaka, hakuna ajuaye. Meno ya ufunguo nikayapitishia tupa yasimchune, lakini kidogo tu. Alisema anataka awe anayasikia.

Sasa kuna kijana hapa anayejiambia: huo ni woga, sanaa ya mapambano lazima ipige kelele. Ndiyo maana kila muhula naletewa hereni za ngumi. Ngumi kushoto, ngumi kulia. Haya, kelele unaitaka? Twende London.

Sylvia Pankhurst, Mwingereza aliyepigania haki ya wanawake kupiga kura, alisomea sanaa, na jela ya Holloway aliijua kwa kulala ndani yake. Yeye ndiye aliyebuni bizimu la kifuani walilopewa wanawake waliofungwa kwa kudai haki hiyo, kuanzia Aprili 1909. Ni la fedha, umbo lake ni lango la chuma ambalo ni nembo ya Bunge la Uingereza, na juu yake ameweka ule mshale uliopigwa chapa kwenye nguo za wafungwa, akautia rangi za chama chao: zambarau, nyeupe na kijani. Chapa ya kuwaaibisha wakaigeuza nishani, wakatoka nayo kifuani mchana kweupe. Na kwa wanaodhani nawaletea mambo ya Wazungu: Sylvia huyo huyo aliitetea Ethiopia kwa kalamu dhidi ya uvamizi wa Italia, akahamia Addis Ababa 1956, akafa na kuzikwa huko huko 1960.

Lakini tazama anayelivaa. Ameingia jela kwa hiari yake, amejua anachokwenda kukitafuta. Bizimu linasema alichokwisha kukisema mwenyewe. Mama wa nyanya hakuchagua kuchomewa nyumba. Ukimtundikia kelele shingoni, kelele hizo ni zako.

Niharakishe. Msije mkadhani pambo daima liko upande wa mnyonge. Prussia, dola ya Wajerumani, 1813, vitani na Napoleon, wanawake waliombwa watoe dhahabu zao, wakarudishiwa vito vya chuma, kwamba nimetoa dhahabu nikapokea chuma. Ukiwa na pete ya dhahabu kidoleni wakati ule, majirani wanakutazama. Hiyo nayo ni siasa ya kuvaa.

Na bangili yetu ya bendera, ile ya ushanga: mtalii anaivaa, mbunge anaivaa, na Juni 2024 niliiona kwenye mikono ya vijana waliokuwa wakikimbia moshi wa kutoa machozi kwenye maandamano. Bangili ile ile. Hilo nilikuwa nimelipangia dakika kumi, zimeliwa na ufunguo kama kawaida. Dhahabu ya Kongo nayo basi, mwenyekiti ananionyesha saa.

Kidani chenyewe ninacho. Mwenyewe alikileta juzi nibadilishe kishikizo, akanikubalia nije nacho. Kipokezaneni, muanze na safu hii. Mwenye jasho mikononi ajifute kwanza, shaba haipendi chumvi. Na tafadhali, msianze kwa kukigeuza.